Mabao Kumi na Manne ya Bernie Morris

Katika mechi nne za fainali ya hoki ya barafuni, Bernie Morris alifunga mabao 14. Wala hakuwa akimfunga kipa wa kuokoteza. Langoni alisimama Georges Vézina wa Montreal Canadiens, yule ambaye hadi leo tuzo ya kipa bora wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, hutolewa kwa jina lake. Ilikuwa Machi 1917, mjini Seattle, na kwa mabao hayo timu ya Morris, Seattle Metropolitans, ikawa ya kwanza kutoka Marekani kutwaa Kombe la Stanley. Miaka miwili baadaye fainali nyingine ilichezwa katika uwanja uleule. Safari hiyo Morris hakuwemo. Alikuwa mikononi mwa jeshi, na kesi yake ikampeleka gereza la Alcatraz.

Naishi Kent, kusini mwa Seattle, nusu saa tu ikiwa foleni imekuonea huruma. Miaka yote hiyo nilijua habari za Seahawks wa futiboli ya Kimarekani na Mariners wa besiboli, na nilishawasikiliza wazee wa hapa wakilia na Sonics yao ya mpira wa kikapu iliyohamishiwa Oklahoma. Metropolitans sikuwahi kusikia mtu akiwataja. Nilikuja kuwajua kwa sababu ya nguo: mwenzangu kazini alikuja na sweta nzito ya mistari ya kijani, nyekundu na nyeupe, kifuani herufi S kubwa, na ndani ya S hiyo limeandikwa jina la mji. Nikamuuliza ni timu gani. Akanijibu, "Mabingwa wa dunia," kisha akaenda zake kutengeneza kahawa. Basi nikaanza kuchimba.

Kwanza niweke sawa jambo moja kwa msomaji ambaye barafu anayoijua ni ya kwenye friji. Hoki ya barafuni si ile hoki ya magongo tuliyocheza shuleni kwenye nyasi. Wachezaji huvaa viatu vyenye visu chini, huteleza badala ya kukimbia, na wanachokigombania si mpira bali ni kisahani kigumu cheusi cha raba, paki. Waliokaa Nairobi huenda waliwahi kupanda juu pale hoteli ya Panari, Mombasa Road, wakaona kiwanja cha barafu kilichofunguliwa mwaka 2005. Ndiko Ice Lions ya Kenya ilikojifunzia mchezo huu. Nakitaja kiwanja hicho kwa sababu swali la Panari ndilo swali la Seattle ya mwaka 1917: unachezaje mchezo wa barafu mahali ambapo maji hayagandi?

Jibu lilitoka kwa familia ya Patrick. Joseph Patrick alikuwa mtu wa mbao huko British Columbia, magharibi mwa Kanada. Mwaka 1911 aliuza kampuni yake akabaki na fedha nyingi mkononi. Wanawe wawili, Lester na Frank, walikuwa wachezaji hodari waliokwisha kuonja pesa za hoki ya kulipwa kule Renfrew, Ontario, wakarudi nyumbani na wazo ambalo baba mwingine angelicheka: tuanzishe ligi yetu wenyewe huku pwani. Kasoro ni kwamba pwani ile ina mvua na ukungu, na baridi yake haitoshi kugandisha kiwanja. Kwa hiyo wakajenga viwanja vya barafu ya mashine, vya kwanza nchini Kanada, kimoja Victoria na kingine Vancouver. Mitambo ya amonia ilipoza maji ya chumvi, maji hayo yakapitishwa kwenye mabomba chini ya sakafu, na juu yake maji ya kawaida yakaganda. Kile cha Vancouver, Denman Arena, kilichukua watazamaji 10,500, katika mji uliokuwa na watu laki moja hivi. Sijui leo nani angethubutu kujenga ukumbi wa kuingiza mtu mmoja katika kila kumi wa mji wake.

Ligi ikaitwa PCHA, ikaanza kuchezwa Januari 1912 na timu tatu. Ukoo wa Patrick ndio uliokuwa na viwanja, timu na kitabu cha sheria, na hao vijana wawili wakacheza humohumo. Ukisoma hayo kwa macho ya mpenzi wa soka wa leo, unajiuliza refa aliwezaje kupuliza filimbi dhidi ya bosi wake. Lakini kuna faida moja haikataliki. Mtu mwenye ligi yake mwenyewe haombi ruhusa ya kujaribu. Frank alikuwa na kichwa kisichotulia, na mengi unayoyaona ukiwasha runinga kutazama hoki leo, kama ile mistari ya buluu inayogawa uwanja, kipa kuruhusiwa kujilaza ili kuokoa au mfumo wa mchujo baada ya msimu, yalikomaa huko pwani wakati mabwana wa mashariki wakiwadharau.

Mwaka 1913 pande mbili zilikubaliana: bingwa wa mashariki, yaani wa ligi ya NHA, atakutana na bingwa wa pwani kila mwaka kugombania Kombe la Stanley, mwaka huu kwako, mwakani kwangu. Kombe lenyewe lilikuwa limetolewa na Lord Stanley, gavana mkuu wa Kanada, mwaka 1892, kwa ajili ya mabingwa wa Kanada. Timu ya kwanza ya Marekani kuligombania ilikuwa Portland Rosebuds, mwaka 1916. Walisafiri hadi Montreal, wakacheza mechi tano, wakashindwa na Canadiens kwa mechi tatu dhidi ya mbili. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya mashariki kufunga safari.

Sasa Seattle. Kampuni moja ya majengo, Metropolitan Building Company, ilijenga uwanja wa barafu katikati ya mji, Fifth Avenue, kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Washington. Timu ikachukua jina la kampuni. Kilichobaki kilikuwa kupata wachezaji, na hapo ndipo hadithi inapoanza kunoga, kwa sababu wachezaji wenyewe waliporwa.

Mwaka 1915 maelewano kati ya ligi mbili yalivunjika kwa ugomvi wa mikataba, na ndugu wa Patrick hawakupoteza muda kuandika barua za malalamiko. Walikwenda moja kwa moja Toronto. Timu ya pale, Blueshirts, ilikuwa imelitwaa Kombe la Stanley mwaka 1914. Wakamchukua kipa, Harry Holmes, aliyeitwa Hap. Wakamchukua Frank Foyston, kijana wa shambani kutoka Minesing, Ontario. Wakamchukua Jack Walker, fundi wa kunyang'anya paki kwa kuinasa na gongo lake bila hata kumgusa mwenye nayo. Wakamchukua Cully Wilson, winga mfupi mwenye hasira, mtoto wa wahamiaji kutoka Iceland waliolowea Winnipeg, na beki Eddie Carpenter. Watano kwa mpigo! Sisi tunaolalamika dirisha la usajili linapofunguliwa na mchezaji mmoja akavuka mtaa, hebu tufikirie shabiki wa Toronto aliyeamka siku hiyo akakuta timu yake nzima iko umbali wa siku kadhaa kwa treni.

Kutoka Victoria wakamleta Bernie Morris, mzaliwa wa Brandon, Manitoba. Wakaongezwa Bobby Rowe, nahodha, pamoja na Roy Rickey na Jim Riley. Huyu Riley ana sifa yake ya peke yake: baadaye alicheza besiboli ya ligi kuu na pia hoki ya NHL, na hadi leo hakuna mwingine aliyefanya yote mawili. Hesabu majina hayo. Ni tisa. Kikosi kizima kilichochukua ubingwa wa mwaka 1917 kilikuwa na watu tisa, katika ligi ambayo timu iliingiza saba uwanjani kwa wakati mmoja. Benchi lilikuwa na wawili. Leo timu ya NHL huvalisha wachezaji ishirini kwa mechi, na washambuliaji hupumzika kila baada ya dakika moja au pungufu. Wale waliteleza karibu dakika sitini zote.

Kocha wao alikuwa Pete Muldoon, na kwa kweli ningeweza kumwandikia makala yake pekee. Jina alilozaliwa nalo ni Linton Treacy. La Muldoon alilitumia ulingoni alipokuwa bondia. Alicheza pia lakrosi, na alikuwa maarufu kwa kuteleza barafuni akiwa juu ya miti mirefu ya wanasarakasi, jambo ambalo nimejaribu kulipigia picha kichwani nikashindwa. Mwaka 1917 hakuwa amefika miaka thelathini. Watu wa mazoezi ya ngumi wana imani moja kuhusu pumzi: anayebaki nayo raundi ya mwisho ndiye mshindi. Ukiangalia jinsi timu yake ilivyomaliza msimu ule, hutapata shida kuamini kwamba imani hiyo aliingia nayo kwenye hoki.

Msimu wao wa kwanza, 1915–16, ulikuwa wa kawaida: ushindi tisa, vipigo tisa. Wa pili ndio wenyewe. Ligi ilikuwa na timu nne, Seattle, Vancouver, Portland na Spokane. Hiyo ya Spokane ilikuwa ni ile ya Victoria iliyofukuzwa nyumbani, kwani jeshi la Kanada lilikuwa limechukua uwanja wake kwa shughuli za vita. Kila timu ilipangiwa mechi 24. Vancouver walikuwa na Gordon Roberts, aliyefunga mabao 43 msimu huo, rekodi ambayo ligi hiyo haikuivunja tena mpaka ilipokufa. Seattle hawakuwa na mtu wa mabao 43. Walikuwa na wawili: Morris akafunga 37, Foyston 36. Morris aliongeza pasi 17 za mabao, akamaliza na pointi 54, moja zaidi ya Roberts, akawa kinara wa ligi. Foyston ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora. Holmes alifungwa mabao machache kuliko kipa yeyote wa ligi. Seattle wakamaliza na ushindi 16 na vipigo 8, mbele ya Vancouver.

Huko mashariki mambo yalikuwa vurugu tupu. NHA ilikuwa imeingiza timu ya kikosi cha jeshi, Batalioni ya 228, iliyocheza na kuvuta watu mpaka Februari 1917 ilipoamriwa kwenda vitani Ulaya, ikaiacha ratiba imetoboka. Canadiens wakaishinda Ottawa kwa jumla ya mabao 7 kwa 6 katika mechi mbili za mwisho, wakapanda treni kuvuka bara zima.

Hapa lazima nieleze sheria, maana bila hizo huwezi kuonja utamu wa fainali. Mashariki walicheza wachezaji sita kila upande, na pasi ya mbele ilikatazwa kabisa. Wanaofuatilia raga wataelewa mara moja: unaweza kumpa mwenzako aliye nyuma yako au sambamba nawe, lakini aliye mbele hana haki ya kupokea. Pwani walicheza saba, wa saba akiitwa rova, mtu asiye na kituo, anayekwenda paki inakokwenda, na katika eneo la katikati ya uwanja pasi ya mbele iliruhusiwa. Kwa hiyo fainali ilikuwa ni mchezo wa aina mbili. Walikubaliana kupokezana: mechi ya kwanza na ya tatu kwa sheria za pwani, ya pili na ya nne kwa sheria za mashariki.

Jumamosi ya Machi 17 Canadiens waliingia uwanjani. Walikuwa mabingwa watetezi. Walikuwa na Newsy Lalonde, mfungaji mkali na mgomvi mkali zaidi. Beki Harry Mummery, pandikizi la mtu la zaidi ya kilo 100. Jack Laviolette, mkongwe wa siku za mwanzo wa timu. Na Didier Pitre, ambaye shuti lake makipa waliliogopa kwa haki kabisa, maana enzi hizo kipa alisimama uso wazi, bila barakoa. Walikuwa wametoka kwenye treni, sheria ni za wenyeji, watazamaji ni wa wenyeji, kila kitu kiliwapinga. Wakashinda 8–4. Pitre peke yake alifunga manne.

Najaribu kufikiri usiku ule wa Muldoon. Umepigwa kwako, kwa sheria zako, kwa mchezo wako wa watu saba. Mechi inayofuata ni ya sheria za mgeni. Mwenye akili timamu angeweka fedha zake kwa Montreal.

Jumanne, Machi 20, Seattle walishinda 6–1. Kwa sheria za mashariki! Foyston alifunga matatu. Nimerudia kusoma habari za mechi hiyo nikitafuta maelezo, na hili ndilo ninaloliamini: kupungua kwa mtu mmoja uwanjani kuliwapa Seattle nafasi ya kukimbia. Mtu mzito kama Mummery anafaa pale ambapo njia ni finyu. Ukimfungulia uwanja na kumleta Foyston kwa kasi kutoka mbali, uzito unakuwa mzigo. Tena usisahau kwamba Foyston, Walker, Wilson, Holmes na Carpenter walikuwa wamekulia katika sheria hizohizo za mashariki kule Toronto. Mgeni alidhani anawaleta kwenye mchezo wasioujua, kumbe anawarudisha kwao.

Ijumaa ya Machi 23, sheria za pwani, 4–1. Morris matatu. Mechi hii ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko nyingine, na Holmes ndiye aliyeishikilia mpaka washambuliaji wakaamka. Huyu kipa sijui kwa nini hazungumzwi zaidi. Baada ya kufungwa nane usiku wa kwanza, alifungwa matatu tu katika mechi tatu zilizofuata, moja kila usiku, na kina Lalonde na Pitre wakimjia. Alikuwa na upara, akawa anacheza na kofia kichwani, kwa sababu mashabiki wa ugenini walikuwa na tabia ya kukifanya kichwa chake shabaha ya mate ya tumbaku. Katika maisha yake alitwaa Kombe la Stanley akiwa na timu nne tofauti.

Kisha Jumatatu, Machi 26. Nimesema Morris alifunga 14 katika fainali. Sita kati ya hayo yalikuja usiku huo. Seattle 9, Montreal 1. Ilikuwa tena kwa sheria za mashariki, na Canadiens walikuwa wamekwisha. Vézina hakuwa mzembe. Mtu aliyekuwa amesimama katika lango la Canadiens tangu mwaka 1910 bila kukosa mechi, na hakukosa mpaka kifua kikuu kilipomwangusha mwaka 1925, huwezi kumwita mzembe. Alikuwa tu anakutana na mtu ambaye usiku ule kila alichokigusa kiliingia. Jumla ya fainali, Seattle 23, Montreal 11. Ukiyatoa mabao ya Morris, Seattle wanabaki na tisa.

Siku kumi na moja baadaye, Aprili 6, Marekani ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani, na magazeti yakawa na mambo mengine ya kuandika.

Watu wa hapa hupenda kusema "timu ya kwanza ya Marekani", na ni kweli kwa anwani. Lakini wale waliovaa mistari ile karibu wote walikuwa Wakanada waliofuata mshahara. Mimi nami niko hapa kwa sababu hiyohiyo, kwa hiyo silisemi kwa kuwasuta. Nalisema kwa sababu ya yaliyompata Morris. Marekani ilipoingia vitani, wanaume wageni waliokuwa wakiishi nchini nao walitakiwa kujiandikisha kwa ajili ya jeshi, na Morris alidai msamaha kwa kuwa yeye ni raia wa Kanada. Machi 1919, Seattle wakijiandaa kukutana tena na Canadiens kwenye fainali, alikamatwa kwa kukwepa jeshi. Mahakama ya kijeshi ikampa miaka miwili. Vita vyenyewe vilikuwa vimekwisha Novemba iliyotangulia.

Mwanamume huyo alipofunga mabao 14 alikuwa fahari ya mji wa Marekani. Karatasi zilipokuja, alikuwa mgeni asiye na vielelezo vya kutosha. Yeyote aliyewahi kupanga foleni ya idara ya uhamiaji akiwa na bahasha ya nyaraka mkononi atanielewa bila mimi kurefusha maneno.

Fainali hiyo ya 1919 ndiyo inayotajwa zaidi, na kwa huzuni. Bila Morris, Foyston alibeba timu kwa mabao tisa. Mechi ya nne iliisha 0–0 baada ya dakika 100 za kuteleza. Mechi ya tano Seattle waliongoza 3–0, Montreal wakarudisha na kushinda muda wa ziada. Ngoma ikawa droo: kila mmoja kashinda mbili, moja sare. Mechi ya mwisho ilipangwa Aprili 1, lakini ile homa ya mafua iliyokuwa ikiua dunia nzima iliwaangusha wachezaji wa Canadiens kitandani mmoja baada ya mwingine. Montreal walikuwa tayari kuliachia kombe. Muldoon alikataa kulichukua kwa namna hiyo. Siku nne baadaye beki wa Montreal, Joe Hall, alifariki hospitalini papa hapa Seattle.

Morris aliachiliwa Machi 1920, akaiwahi timu fainali ya mwaka huo dhidi ya Ottawa, na Ottawa wakashinda kwa mechi tatu dhidi ya mbili. Kuna kichekesho kidogo humo: jezi za Ottawa nazo zilikuwa za mistari ya kuzunguka mwili, nyekundu, nyeupe na nyeusi, ikabidi Ottawa wacheze wamevaa nyeupe ili watu wasichanganyikiwe.

Baada ya hapo mambo yalikwisha haraka, nami nitayapitia haraka. Mwaka 1924 timu ilivunjwa. Uwanja ukageuzwa gereji ya magari ya hoteli mpya ya Olympic iliyofunguliwa jirani, na baadaye gereji nayo ikabomolewa, likajengwa jengo la ofisi. Nimepita pale Fifth Avenue mara nyingi tu kwa shughuli zangu bila kujua. PCHA nayo ikafa mwaka huohuo, timu zake zilizobaki zikahamia ligi ya jirani. Foyston, Walker na Holmes walikwenda Victoria kwa Lester Patrick, wakatwaa Kombe la Stanley tena mwaka 1925, tena dhidi ya Canadiens, tena dhidi ya Vézina. Tangu mwaka huo hakuna timu isiyo ya NHL iliyolichukua.

Na NHL yenyewe? Ilizaliwa Novemba 1917, miezi minane baada ya fainali yetu, kwa sababu wamiliki wa NHA walitaka kumtosa mwenzao wa Toronto, Eddie Livingstone, na njia rahisi waliyoiona ni kuanzisha ligi mpya bila kumwalika. Livingstone huyo ndiye aliyekuwa mmiliki wa Blueshirts watu wa pwani walipowachota wachezaji wake. Ligi iliyoshinda ndiyo inayoandika vitabu. Mwanzo wa historia ukiwekwa Novemba 1917, basi Machi 1917 inaangukia upande wa giza. Jina la Seattle halikuchorwa kwenye kombe mpaka mwaka 1948, kombe lilipoundwa upya. Zaidi ya miaka thelathini bingwa huyo hakuonekana kwenye kombe alilolishinda.

Kraken, timu mpya ya NHL ya Seattle iliyoanza mwaka 2021, imejitahidi kurekebisha hilo. Oktoba 26 mwaka huo, Canadiens wakiwa wageni, walipandisha bendera ya ubingwa wa 1917 darini, na Januari 1, 2024, katika mechi ya nje kwenye uwanja wa besiboli, walivaa jezi za mistari na herufi S, wakaishinda Vegas 3–0. Sweta ya mwenzangu kazini ndipo ilipotoka, madukani wakati huo, na nilipotaka kununua yangu nikaona bei nikaahirisha.

Lakini kuna chombo kimoja ambacho Kraken hawana mamlaka nacho, Ukumbi wa Heshima wa hoki uliopo Toronto. Foyston aliingizwa mwaka 1958. Walker, 1960. Holmes, 1972. Ndugu wa Patrick wote wawili wamo. Vézina yumo tangu mwanzo kabisa. Morris, aliyekuwa kinara wa pointi wa msimu ule, hayumo. Alifariki mwaka 1963.

Watetezi wa hali hii husema rekodi yake nje ya Seattle ni ndogo, na ni kweli kwamba alipofika Boston katika msimu wa kwanza wa Bruins, 1924–25, alicheza mechi sita tu. Husema pia kwamba mabao ya zamani hayapimiki kwa mizani ya leo. Sawa. Kuna mtu mwingine aliyefunga mabao 14 kugombania kombe hili, Frank McGee wa Ottawa, mwaka 1905, yote katika mechi moja dhidi ya timu ya Dawson City iliyokuwa imesafiri wiki nyingi kutoka Yukon ikafika hoi. Ottawa walishinda 23–2. McGee yumo ukumbini, na sina ugomvi na McGee. Ila yeye alizipata 14 zake kwa kipa kijana wa miaka 17. Morris alizipata kwa Vézina, mechi nne, kwa sheria za aina mbili, akikaribia kucheza kila dakika. Kama kuna msimu mwingine wa kumpima mtu kuliko huo, wajumbe wa ukumbi wautaje.